Buji za mapambo zenye maua ndani: maswali yenye watu wananiuliza kila mara

Haya maswali yanatoka kwa watu wa Goma na Bukavu wenye wanataka kutengeneza buji za mapambo ku nyumba, zile zenye unaona maua, majani ao vipande vya machungwa vikavu ndani ya nta. Nimeyapanga vile yanakuja. Kuna kitu kimoja kitarudi karibu kila jibu: ua na moto havitakiwi kukutana. Ukishika hiyo, mengine yatakuwa rahisi.

Juu ya nini maua ndani ya buji ni hatari? Si ni maua tu?

Angalia kwanza vile meshi (utambi, ule uzi wa katikati ya buji) inafanya kazi. Uzi wa pamba unafyonza nta yenye imeyeyuka, nta inapanda mpaka juu, pale juu inageuka mvuke, na ule mvuke njo unawaka. Sasa petali kavu, jani kavu, kijiti cha mdalasini, vyote vinaweza kufyonza nta vilevile. Ikiguswa na nta ya moto kisha moto uifikie, tayari uko na meshi ya pili yenye haukuipanga. Zikiwa tatu ao ine moto unakuwa mukubwa, nta inapata joto zaidi, inatoa mvuke mingi zaidi, na kama buji iko ndani ya glasi uso wote unaweza kuwaka kwa mara moja na glasi inapasuka. Hiyo inatokea mu dakika chache, na mara nyingi mwenye nyumba ameenda kuangalia chungu jikoni.

Na sisi tunajua nyumba zetu. Goma watu wengi wako mu nyumba za mbao, Bukavu kule Kadutu nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta ku mulima na gari ya kuzima moto haina hata pa kupita. Moto wa kwako ni moto wa majirani. Njo maana naandika hii yote kwa urefu, siyo kutisha mutu, hizi buji ni nzuri sana na zinaweza kutengenezwa bila hatari.

Lakini ku picha za intaneti tunaona maua yamepangwa juu ya uso wa buji, karibu kabisa na meshi. Zile wanafanya namna gani?

Zile ni za picha. Zinapigwa foto, zinawekwa ku meza, lakini ukiziwasha na maua yake unawasha kile nimeeleza hapo juu. Kama unapenda ule muonekano, panga maua juu bila kuyashikisha, na mwambie mutu wenye unamupatia ayatoe yote mbele ya kuwasha. Mimi binafsi siuzi buji ya namna hiyo, juu mutu akiipata kama zawadi ya ndoa hatakumbuka maneno yako miezi mitatu kisha.

Sasa kuna njia gani za salama?

Nafundisha njia tatu, na nazipanga kutoka yenye iko salama zaidi.

Ya kwanza ni fanusi ya nta. Ukuta wa nta wenye maua, ndani hakuna kitu, unaweka kibuji kidogo cha kopo ya aluminiamu (zile za sentimita 4 hivi) na mwangaza unapita mu nta, maua yanaonekana kama yamewashwa kutoka ndani. Ule ukuta hauungui kamwe. Kibuji kikiisha unaweka kingine, fanusi inaweza kukaa miaka.

Ya pili ni buji ndani ya buji: unachukua buji nyembamba yenye imekamilika, unaisimamisha katikati ya chombo kipana, unapanga maua mu nafasi ya pembeni, kisha unamwaga nta. Moto unakula ile ya katikati tu. Hapa vipimo njo kila kitu, nitaeleza.

Ya tatu ni maua ku ngozi ya nje. Unakuwa na buji nene, unabandika petali zenye umekandamiza mu kitabu, unapitisha mugongo wa kijiko chenye umechovya mu maji ya moto na kukipanguza kabisa, nta inalainika kidogo na petali inashika, kisha unachovya buji nzima mara moja haraka mu nta iliyeyuka ili kufunika. Njia hii ni ya kuanza nayo kwa mutu mupya, haiombi vitu mingi. Lakini acha sentimita 3 za juu bila ua, na usitumie buji nyembamba, iwe na upana wa sentimita 7 ao zaidi, na meshi ndogo yenye itaacha ukuta wa pembeni umesimama.

Fanusi ya nta inatengenezwa namna gani, hatua kwa hatua?

Tafuta ndoo ndogo ya plastiki ngumu yenye inapanuka ku mudomo, upana wa sentimita 13 ao 14, na gobleti ngumu yenye itaingia ndani, upana wa sentimita 8 ao 9, nayo iwe inapanuka juu. Ile ya kupanuka ni muhimu, juu njo inasaidia vyote vitoke. Kopo za chuma zenye mbavu mbavu ziache, nta inashika mu zile mbavu na hautaitoa bila kuivunja. Pakaa mafuta ya mboga kidogo sana ndani ya ndoo na nje ya gobleti.

Mwaga nta ya sakafu kwanza, sentimita 2, ungoje ishike. Kisha simamisha gobleti katikati na uijaze mchanga, ule mweusi wa volkano wa hapa Goma uko mzito wa kutosha, bila hiyo gobleti itaelea juu nta inaibeba. Panga maua mu nafasi ya kati, yaegemee upande wa nje wenye utaonekana. Nta iwe kama digri 70 hivi wakati unamwaga, polepole, na kijiti cha kusukuma maua yenye yanapanda.

Sasa usisahau hii: nta ikipoa inajikunja, inabana gobleti kabisa. Usingoje ipoe mpaka mwisho. Wakati ukuta umeshika lakini ukigusa bado kuna joto, toa mchanga, mwaga maji ya vuguvugu mu gobleti, ngoja kidogo, uzungushe na kuvuta. Ndoo ya nje ngoja ipoe yote, kisha igeuze. Kibuji chako kikae katikati kabisa, siyo kuegemea ukuta, na ukuta uwe na sentimita 2 hivi. Ukiona ukuta unaanza kung'aa sawa umelowa upande wa ndani, nafasi ni ndogo, punguza muda wa kuwasha.

Buji ndani ya buji: vipimo ni gani?

Chukua mufano wa buji ya katikati yenye upana wa sentimita 5 na chombo cha sentimita 10. Nafasi ya pembeni ni sentimita 2 na nusu kila upande, maua yanatosha. Kama urefu ni sentimita 12, utahitaji nta gramu 600 hivi kwa pembeni (nta ni nyepesi kuliko maji, mililita 100 za nafasi zinaomba kama gramu 90, ukijua hiyo hautanunua nta ya bure).

Shida iko mu muda. Buji kwa kawaida inayeyusha kama sentimita 2 na nusu za upana kila saa moja. Kwa hiyo mu masaa mawili ziwa la nta linafika sentimita 5, ni kusema limefika ku mupaka wa maua. Ukiacha masaa ine, limeingia mu maua. Njo maana kwa hii aina nasema masaa mawili kisha zima, acha ipoe, washa tena kesho. Na uchague meshi ndogo kuliko yenye ungeweka mu buji ya kawaida ya sentimita 5, yaani yenye itayeyusha kama sentimita 4 tu.

Nta ya nje iyeyuke kwa joto kubwa kuliko ya ndani, hiyo inasaidia sana. Ndani parafini ya kawaida (nta ya buji nyeupe za paketi), nje parafini yenye umeongeza stearini (kitu cha kukaza nta) ao nta ya nyuki. Na wakati wa kumwaga, nta ikiwa na joto kali sana itayeyusha buji yako ya katikati. Ngoja mpaka uone kakaratasi kembamba ka nta kanaanza kushika ku ukingo wa sufuria, hapo mwaga.

Nta napata wapi? Hakuna butike ya vifaa vya buji hapa.

Iko rahisi kuliko watu wanafikiri. Buji nyeupe za paketi zenye tunanunua kila siku ku Birere ao ku soko ya Kadutu ni parafini. Zivunje, ziyeyushe, toa meshi na kijiti, umepata nta. Inayeyuka kati ya digri 50 na 65 kufuatana na aina. Stearini, kama unaipata, changanya sehemu 1 kwa 10, inafanya nta ngumu na nyeupe zaidi na inatoka vizuri mu chombo.

Lakini yenye napenda zaidi ni nta ya nyuki, na hapa watu wanaitupa! Wenye wanauza asali kutoka Masisi, Idjwi, Walungu, wakishakamua wanabaki na masega na wengi hawajui kazi yake. Waulize, mara nyingi watakuuzia kwa bei ndogo. Kuisafisha: weka masega mu sufuria na maji, pasha moto polepole bila kuchemsha kwa nguvu, ikiyeyuka yote chuja mu kitambaa cha pamba, acha ipoe usiku. Asubuhi nta imeelea juu imekuwa sawa keki, uchafu na asali vimebaki chini mu maji. Kwangua uchafu wa chini ya ile keki, rudia mara ya pili. Kisha iache ikauke siku kadhaa mbele ya kuiyeyusha kwa buji, juu tone la maji lenye limebaki ndani litarusha nta kila upande. Inayeyuka ku digri 62 mpaka 64, usiipitishe 85 juu rangi yake ya dhahabu inapotea na harufu pia.

Na mawese? Iko mingi huku.

Mawese yenyewe ni laini, ku joto la chumba haisimami, huwezi kufanya buji ya kusimama nayo. Inaweza kuwaka mu taa yenye utambi, hiyo ni kitu ingine. Kuchanganya mawese mu parafini unalainisha ukuta wako tu, na kwa buji zenye maua ukuta wenye ulegevu ni hatari, maua yanatelemka kuelekea moto.

Meshi naweza kujitengenezea?

Ndiyo. Uzi wa pamba tupu, nyuzi tatu, usuke. Ile ya kusuka siyo urembo: Ufaransa mu miaka ya 1820 njo walianza kusuka meshi, na ikaonekana ile yenye imesukwa inajipinda ikiwaka, ncha yake inatoka mu moto na kuungua yenyewe, kwa hiyo haikusanyi masizi sana. Chovya meshi mu nta iliyeyuka, nyoosha, acha ikauke. Uzi wa nailoni ao wa polyester hapana hata kidogo, unayeyuka na kudondosha. Jaribu kwa kuchoma kipande: pamba inanuka karatasi na kuacha majivu, nailoni inaacha tone gumu. Meshi za kununua zenye uzi wa chuma ndani, kama haujui ni chuma gani, ziache. Kuna zamani zilikuwa na risasi (plomb, chuma chenye sumu), Marekani walizikataza mwaka 2003.

Kila mara mbele ya kuwasha kata meshi ibaki milimita 6 hivi. Ndefu inatoa moshi mweusi na moto mukubwa.

Maua gani yanafaa?

Bugenvilia njo ya kwanza. Iko kila ukuta, inakauka vizuri na rangi inabaki. Hortensia za Bukavu pia, chukua kimoja kimoja siyo kichwa chote. Majani ya mikaratusi, majani ya grevilea, maua madogo ya porini ya pembeni ya barabara. Rozi inageuka rangi ya kahawia, ukipenda ile rangi ya zamani sawa, lakini usishangae. Vipande vya machungwa na ndimu vikikauka kabisa ni vizuri sana mu fanusi. Punje za kahawa zetu za Kivu watu wanazipenda ku zawadi, ziko na mafuta ndani kwa hiyo zikae upande wa nje kabisa, na usiziweke juu karibu na meshi.

Ya kukataa: oleanda (ile loriye-roze ya ku fensi), iko na sumu kila sehemu na moshi wake pia unadhuru. Yale maua makubwa sawa tarumbeta yenye yanaangalia chini, meupe ao ya njano, yenye yako mingi ku milima, nayo ni sumu, usiyashike shike na watoto pembeni. Yungiyungi na maua mengine yenye nyama nene yataoza ndani. Na kitu chochote cha plastiki, glita, utepe, vile vinanunuliwa ku butike za feti, havina nafasi mu buji yenye itawaka.

Nikaushe namna gani, na nitajua saa ngapi imekauka?

Petali na majani mu kitabu kizito kati ya karatasi za gazeti, ubadilishe gazeti kisha siku mbili ao tatu, wiki moja mpaka tatu. Mu Juni mpaka Agosti ni rahisi, kiangazi inakusaidia. Mu mvua hewa yenyewe imelowa, kwa hiyo panga juu ya rafu jikoni kule joto linapita, lakini siyo juu ya moshi. Machungwa kata nyembamba, milimita 4 ao 5, kausha mu jua na kitambaa cha kuzuia nzi ao mu fur ya joto ndogo, masaa mingi.

Kujua ni kwa sikio na vidole. Jani linavunjika kwa sauti, halikunjiki. Kipande cha chungwa ukikigonga ku meza kinalia. Kama kinakunjika bado kuna maji, na maji ndani ya nta yanafanya mambo mawili mabaya: wakati wa kumwaga yanarusha nta, kisha wiki chache ua linaota ukungu ndani na hauna namna ya kulitoa.

Naweza kuyeyusha nta moja kwa moja ku mbabula?

Hapana. Sufuria ndani ya sufuria, ile ya nje iko na maji, ya ndani iko na nta, na kitu kidogo chini ya ya ndani isiguse kitako. Sababu ni hii: nta haichemki sawa maji ikakuonya. Inazidi tu kupata joto kimya kimya, na ikipita digri 200 hivi mvuke wake unaweza kushika moto ukikutana na cheche ao makala. Sufuria juu ya makala yenye yamewaka inafika pale haraka. Maji nayo hayawezi kupita kiwango chake, na hapa Goma na Bukavu tuko juu, kama metre 1,500, maji yanachemka ku digri 95 hivi, haifiki 100. Kwa hiyo mu maji nta yako haitapita 95 hata ukisahau, ilmradi maji hayajaisha. Chunga maji yasiishe!

Mbabula ikae nje ao pa wazi kabisa. Makala mu chumba chenye kimefungwa yanatoa hewa ya sumu yenye hainuki, imeua familia nzima mu usingizi, na hiyo haihusu buji tu. Ukiwa na resho ya kuran ao gazi ni vizuri zaidi juu unapunguza joto vile unataka. Temometa ya kupimia homa usitumbukize, inaishia digri 42 na itapasuka. Tafuta ya jikoni, ao tumia ile alama ya kakaratasi ku ukingo.

Kama nta inashika moto mu sufuria?

USIMWAGE MAJI. Nairudia: usimwage maji. Maji yanazama chini ya nta ya moto, yanageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unajaza nafasi kama mara 1,700 ya yale maji, unarusha nta yenye inawaka mpaka ku dari na ku uso yako. Funika na kifuniko cha chuma, kisukume kutoka pembeni siyo kutupa toka juu, zima moto wa chini kama unaweza kuufikia, na usibebe sufuria kukimbia nayo nje, wengi wanaungua pale. Acha kifuniko mpaka ipoe kabisa, ukifunua mapema inaweza kuwaka tena. Kwa hiyo kifuniko chenye kinafaa sufuria yako kikae pembeni mbele haujaanza. Moto mudogo bikarboneti ao mchanga mukavu vinasaidia.

Nikiungua na nta ya moto?

Maji ya baridi ya kutiririka mara moja, kwa dakika 20. Kama hakuna robine mwagia na jagi polepole, endelea. Toa pete na bangili. Nta yenye imeshika ku ngozi usiing'oe kwa nguvu, itatoka na ngozi; acha ipoe, yenye inajitoa itoke, ingine waganga wataitoa. Dawa ya meno, siagi, asali, yai, hapana. Ikiwa ni uso, macho, mikono, ao ni mutoto, ao malengelenge ni makubwa kuliko kiganja, enda hospitali.

Harufu nzuri naweka namna gani? Nina parfum ya kujipulizia.

Parfum ya kujipulizia hapana, ile ni alkoli, inashika moto na haichanganyiki na nta. Esansi ya gari, petroli, mazutu, usiwaze hata. Tumia mafuta ya harufu yenye yametengenezwa kwa buji, asilimia 6 ao chini, ni kusema gramu 6 kwa gramu 100 za nta, uyatie wakati umeshatoa nta ku moto. Ukizidisha yanatoka jasho juu ya buji. Mafuta ya mikaratusi na mengine ya mimea yanashika moto kwa joto ndogo sana, chupa yao isikae karibu na mbabula. Kusema ukweli nta ya nyuki peke yake inanukia asali, mimi siongezi kitu.

Rangi?

Rangi ya buji ao kidogo ya krayoni ya nta, ila krayoni kwa ukuta wa nje tu, ndani inaziba meshi. Rangi ya chakula ni ya maji, haishiki. Kwa maua acha nta nyeupe ao ya nyuki, njo yanaonekana.

Kuran ikikatika, naweza kutumia hizi kumulika nyumba?

Naomba usifanye hivyo. Buji ya mapambo ni ya kuwasha ukiwa umekaa pembeni yake, mu sala, ku feti, ku chakula. Usiku wa giza unazunguka na watoto wanazunguka, tumia taa ya jua ao tochi. Kama buji ni lazima, basi ile nyeupe ya kawaida, mu bakuli ya mchanga. Hata hii ya mapambo iweke juu ya sahani ya chuma ao kigae, sentimita 30 mbali na pazia, chandarua, ukuta wa mbao, makaratasi. Chandarua nakumbusha kwa nguvu. Na usilale haujazima. Mutoto asiachwe nayo peke yake hata dakika moja.

Zangu zinapasuka, ao maua yanaelea yote juu. Kosa ni gani?

Kupasuka ni kupoa haraka, mara nyingi mutu ameiweka pa upepo wa ziwa ao mu maji ya baridi. Funika chombo na kitambaa kizito usiku wote. Maua kuelea: mwaga mara mbili, kwanza nta kidogo ya kuyashika chini, ngoja ianze kushika, kisha malizia. Ao bandika petali ku ukuta wa ndani wa chombo na tone la nta. Shimo lenye linatokea katikati ni kawaida, toboa toboa karibu na meshi na kijiti na ujaze nta kidogo tena.

Nataka kuanza kuuza. Nifanye nini mbele?

Choma zako mwenyewe. Kila aina mupya, chukua angalau tatu, uziwashe mpaka mwisho, masaa kwa masaa, umekaa pale na karatasi na kalamu: moto uliinuka kiasi gani, ziwa lilifika wapi, kuna petali iliguswa? Kama hata moja iliwasha ua, aina yote haiuzwi, badilisha meshi ao upana na uanze tena. Inakula nta na inaumiza, najua, lakini mama wenye ananunua kwa ajili ya komunyo ya mutoto wake hana namna ya kujua vile umeitengeneza.

Ku kila moja bandika karatasi ndogo kwa Kiswahili na Kifaransa: kata meshi milimita 6, usiache inawaka bila mutu, masaa mawili tu, mbali na watoto, wanyama na pazia, zima ikibaki sentimita moja na nusu. Bei uhesabu nta, meshi, makala, zile zenye umechoma kujaribu, na siku zako za kukausha maua, juu wengi wanasahau hizo za mwisho na wanashangaa faida iko wapi. Kama ni fanusi weka na kibuji kimoja ndani, mutu aelewe bila kusoma.

Nta yenye inabaki mu sufuria naitupa wapi?

Isiende mu lavabo wala mu mutaro, inaganda na kuziba. Mwaga mu kopo ndogo yenye umepakaa mafuta, ukipata vipande vya kutosha unayeyusha tena. Ile yenye imechanganyika na mabaki ya maua ichuje kwanza mu kitambaa, na kile kitambaa ukishamaliza kiko na nta mingi ndani, kikate vipande, kinawasha makala vizuri sana.